Chumba cha kazi kisicho na usumbufu kwa mazingira ya Mtwara na Lindi: nadai adui namba moja ni joto, si simu

#1 Mkaa_Chuno
Wakuu, salaam. Watu wanaofanyia kazi nyumbani huku kusini wameongezeka: makarani wa vyama vya msingi vya korosho, walimu wanaotunga mitihani, wanaosoma shahada kwa masafa, waandishi wa ripoti za miradi. Ushauri unaosambaa wote unaanza na simu. Izime, ifiche, ifungie kwenye droo. Mimi nadai kwa huku kwetu tatizo la kwanza ni joto. Chumba chenye bati tupu bila dari, ikifika saa 5 asubuhi hakikaliki. Mtu anatoka kupunga upepo barazani, na huko barazani ndiko anakokutana na simu, jirani na bao. Simu inabeba lawama za paa.

Chumba ninachokipanga ni futi 10 kwa 12, ukuta wa tofali za saruji inchi 6, bati geji 30, dirisha moja, mlango mmoja unaofungukia sebuleni. Nataka kujua dirisha litazame wapi, meza iwe na vipimo gani, na kelele zinazuiwaje. Mwenye vipimo atoe vipimo, maana "nunua meza nzuri" haimsaidii mtu.

#2 KusiNaKaskazi
Dirisha liweke kusini. Mtwara iko nyuzi 10 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu ya Februari hadi wiki ya tatu ya Oktoba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Hiyo ni miezi minane. Mwezi wa sita jua la mchana liko nyuzi 56 hivi kutoka upeo wa macho. Dirisha la kaskazini linaliingiza mpaka mezani na kioo cha kompyuta hakisomeki. Dirisha la kusini wakati huo linapata mwanga wa anga tu, mwanga laini usiohamahama.

Miezi minne iliyobaki jua linahamia kusini lakini mchana linakuwa karibu na utosi, nyuzi 77 mwezi wa 12. Dirisha la kimo cha sentimita 120 linahitaji upenu wa sentimita 28 tu kulikinga. Penu nyingi za nyumba zetu zinafika 60. Dirisha la kaskazini mwezi wa sita lingedai upenu wa sentimita 80.

Faida nyingine ni kusi. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo unatoka kusini-mashariki, unaingia wenyewe.

Meza iwekwe ubavu kwa dirisha. Ukilitazama dirisha, macho yanapambana na mwanga wa nje; ukilipa mgongo, dirisha linajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Anayeandika kwa mkono wa kulia dirisha liwe kushoto kwake, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi.

#3 BintiNdoro
Lindi mjini hapa. @KusiNaKaskazi hesabu ya mchana iko sawa, ila umeacha asubuhi na jioni. Mwezi wa 12 jua linachomoza takriban nyuzi 24 kusini ya mashariki halisi na kuzama vivyo hivyo upande wa magharibi. Maana yake dirisha la kusini linapigwa jua la mshazari asubuhi na tena alasiri, na upenu hauzuii jua la chini linalokuja kwa ubavu. Dawa yake ni kizuizi cha wima pembeni mwa dirisha: ukuta mdogo uliotokeza sentimita 40, au mti, au basi pazia la upande mmoja.

La pili ni zito zaidi. Joto kali la huku ni Novemba hadi Machi, na msimu huo ni wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki. Dirisha pekee la kusini halitapata kitu wakati ule unaouhitaji upepo kuliko wakati wote. Chumba chenye tundu moja hakina upepo hata dirisha liwe kubwa vipi, kwa sababu hewa haiingii pasipo na pa kutokea. Weka tundu la pili ukuta wa mkabala, hata la sentimita 30 kwa 60 juu ya mlango.

#4 FundiDari_Mikindani
Naunga mkono #1 kuhusu paa. Kazi inakwenda hivi.

Anza na foili ya kurudisha joto. Ifungwe chini ya papi (mbao zinazobeba bati), ibaki nafasi ya hewa angalau sentimita 2.5 kati yake na bati. Mafundi wengi wanaigusisha na bati. Ikigusa, joto linapita kwa kugusana na foili haina kazi tena. Uwezo wake wote uko kwenye ule uso unaong'aa kutazamana na hewa tupu.

Kisha hewa ya darini ipate njia. Matundu chini ya upenu, na matundu mengine juu kabisa kwenye pembetatu ya ukuta. Hewa ya moto inapanda na kutoka, ya baridi inaingia chini. Dari lililofungwa pande zote linahifadhi joto la mchana na kulimwaga chumbani mpaka saa 3 usiku.

Ndipo ufunge jipsamu. Ubao mmoja ni futi 4 kwa 8, unene milimita 9. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinakula mbao 4 kwa hesabu ya eneo, lakini agiza 5, kwa sababu ya vipande. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, nafasi isizidi futi 2 kila upande, la sivyo jipsamu inabonyea katikati ikipata unyevu wa masika. Na usifunge chochote kabla ya kukagua misumari ya bati: mpira wa msumari ukipasuka, tone moja linatosha kuacha doa la kahawia na kulegeza ubao mzima.

Matundu yote yawe na wavu. Popo na panya wakihamia juu ya jipsamu, usiku utasikia kila hatua.

#5 Likonde
Mkuu @FundiDari_Mikindani, kwa asiye na fedha ya dari mwaka huu, feni si inatosha?

#6 FundiDari_Mikindani
Feni haipozi chumba, inapoza ngozi. Upepo wa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde unaweza kukufanya uhisi nafuu ya nyuzijoto 2 hadi 3 hivi. Chini ya bati tupu saa 8 mchana tatizo ni mionzi ya joto inayotoka juu kuja kichwani, na hiyo feni haiigusi. Kama fedha hakuna, paka bati rangi nyeupe ya kuakisi upande wa nje kabla ya kununua feni ya pili.

#7 Sauti_Mtanda
Mnazungumza joto kana kwamba nyumba zenu ziko porini. Ukiondoa joto unabaki na bodaboda zilizotobolewa bomba, spika za duka la jirani, na msimu wa minada ya korosho malori yanapita usiku kucha. Kelele ndiyo inayokatisha wazo katikati. Joto linachosha polepole. Sauti ya mtu anayezungumza lugha unayoielewa inakuchukua papo hapo, hutaki utasikiliza.

Sasa vipimo. Ukuta wa tofali inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili unapunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Hauna shida. Shida ni matundu. Mlango wa sentimita 80 kwa 200 wenye mwanya wa sentimita 1 chini una uwazi wa nusu asilimia ya eneo lake, na hiyo nusu asilimia peke yake inaufanya mlango usivuke desibeli 23, hata ungekuwa wa mninga mtupu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ziba. Mpira wa kujibandika kuzunguka fremu, kipande cha mpira wa gari au brashi chini ya mlango kiguse sakafu, silikoni kati ya fremu ya dirisha na ukuta. Milango myepesi yenye uwazi ndani ipigiliwe plaiwudi ya milimita 12 upande mmoja, na bawaba ziongezwe kutoka mbili hadi tatu, maana uzito unapanda na mlango utaanza kukwaruza sakafu.

Dirisha la luva haliwezi kuzuia sauti. Vioo vyake havikutani sawasawa.

Na tafadhali, trei za mayai ukutani hazizuii kelele za nje. Zinapunguza kidogo mwangwi wa ndani, zinakusanya vumbi na mende, na zinashika moto haraka.

#8 BintiNdoro
@Sauti_Mtanda unaziba yale yale matundu niliyomwambia ayafungue. Chumba kilichozibwa hivyo mwezi wa pili, mtu mmoja na laptopu, baada ya saa moja hewa imekuwa nzito na kichwa kinauma. Usingizi wa saa 8 mchana wengi wanausingizia ugali, ilhali hewa iliyokaa nayo inachangia.

#9 Sauti_Mtanda
Ndiyo maana kuna sanduku la kona. Tundu la hewa ukutani unalifunika kwa sanduku la plaiwudi lenye vizuizi ndani, hewa ipinde mara mbili au tatu kabla ya kuingia. Kuta za ndani zibandikwe sponji ya sentimita 2.5 au kapeti nene. Hewa inakunja kona, sauti kali zinamezwa na sponji. Njia ya ndani isiwe nyembamba kuliko tundu lenyewe, la sivyo upepo unakufa.

Kwa sauti nzito, hapana. Ngoma za unyago na besi za sherehe zinapita popote. Likizo za mwezi wa 6 na wa 12 panga kazi ya kufikiri kuanzia saa 11 alfajiri, maana saa 11 sherehe imelala.

#10 Mzee_wa_Lulindi
Wanangu, vizibo vya masikio vya sponji mbona hamvitaji? Ni rahisi kuliko sanduku hilo.

#11 Sauti_Mtanda
Shikamoo mzee. Vinafaa, ila wengi wanavivaa vibaya. Kizungushe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kivimbe mahali pake. Kikiachwa nusu nje hakizuii hata nusu ya kinachoandikwa kwenye pakiti. Mikono iwe safi, na kikichafuka tupa.

#12 Randa_Masasi
Upande wa meza. Kwa laptopu peke yake sentimita 120 kwa 60 zinatosha. Ukiwa na kioo cha pili, kina cha meza kiwe 70 hadi 75, kwa sababu kioo kinatakiwa kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo.

Kimo ndicho kinachokosewa. Meza ya kawaida ni sentimita 75. Viti vya plastiki vingi na vya mbao vinakaa 43 hadi 45. Mteja anaomba droo katikati, fundi anaweka droo ya sentimita 12, ubao wa juu ni sentimita 3, inabaki nafasi ya 60 tu kwa miguu. Kiti 45, paja 15, tayari 60. Paja linagusa droo, mtu anarudisha kiti nyuma, mgongo unainama mbele, na baada ya saa moja anaamka "kunyoosha mwili" na harudi. Mimi droo ya katikati siweki kwenye meza ya kazi. Droo ikae pembeni, upande wa mkono usioandikia, na chini ya meza kubaki wazi sentimita 65 au zaidi.

Kimo sahihi kwa mtu: kaa, legeza mabega, kunja viwiko nyuzi 90, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hapo ndipo baobonye (kibodi) ikae. Mfupi ambaye miguu inaning'inia asikate meza, awekewe ubao wa kukanyagia wa sentimita 8 hadi 12.

Mbao: mninga na mkongo havichezi sana na unyevu na mchwa hawavishambulii kirahisi. Mtiki nao ni mzuri. Paini ni nafuu, lakini iwe imetiwa dawa na imekauka vizuri, vinginevyo masika inapinda na droo inagoma. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) kwa ukanda wa bahari sishauri: ukingo ukinywa maji unavimba na haurudi. Ukichagua vanishi, iwe isiyong'aa. Meza inayong'aa inarudisha taa machoni.

#13 MamaShangani
Nawasoma tangu juu, hakuna aliyetaja watu. Nyumba za huku zimejengwa kwa hodi. Mtu aliyeko nyumbani saa 4 asubuhi anahesabiwa hana kazi, na atatumwa. "Uko hapo? Hebu niangalizie maji." Dari la jipsamu halimzuii shangazi.

Kinachofanya kazi ni saa za kupatikana, kuliko saa za kutopatikana. Ukiwaambia watu "msinisumbue" wanasikia dharau. Ukiwaambia "saa 4 na nusu natoka, nakaa na nyinyi dakika ishirini," wanasubiri, kwa kuwa kuna kitu cha kusubiri. Na ahadi hiyo itimizwe kila siku, hata kazi ikiwa imenoga. Kanga nyekundu ikining'inia kwenye kitasa, watoto wanajua bado. Kanga ikiondoka, mlango ni wao. Mtoto wa miaka minne anaelewa kanga kabla ya kuelewa saa.

Kisha ondoa sababu za kuitwa. Maji ya bomba yakitoka kwa zamu, kila mtu anakimbilia ndoo: funga boya kwenye simtanki, lijaze na kujifunga lenyewe. Muuza samaki anapita saa 3: fedha ya samaki apewe mwingine tangu usiku. Umeme: nunua uniti nyingi kwa mara moja, kile kimashine cha LUKU kinapoanza kulia si wewe wa kuinuka. Gesi, chumvi, funguo za stoo, vyote viwe na mwenyewe ambaye si wewe.

Mlango wa chumba cha kazi usitazamane na kiti cha sebuleni. Macho yakikutana, mazungumzo yameanza.

#14 Mzee_wa_Lulindi
Mama Shangani umesema vizuri, ila mgeni aliyetoka mbali haambiwi asubiri kanga. Anatolewa kiti na maji, anasalimiwa, anaulizwa habari za huko. Hizo dakika kumi ziko ndani ya kazi ya mtu mzima. Baada ya hapo mwambie una shughuli, ataelewa.

#15 MamaShangani
Shikamoo baba. Sipingi. Mgeni wa mbali haji kila siku. Jirani wa kuomba chaja ndiye anayekuja kila siku.

#16 Kijana_Skoya
Narudi kwa simu, maana #1 ameiachia huru mapema mno. Kuna utafiti wa mwaka 2017 wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin: walioacha simu chumba kingine walifanya mitihani ya kufikiri vizuri kuliko waliokuwa nayo juu ya meza, hata iliyozimwa sauti. Simu haikuita, ilikuwepo tu.

Huku kwetu kuna tatizo ambalo ushauri wa ughaibuni hauligusi: simu ndiyo intaneti. Huwezi kuiacha sebuleni kama laptopu inakula bando kutoka kwake. Njia ni mbili. Modemu ya kuchomeka au ruta ndogo yenye laini yake, simu ikatoka chumbani kabisa. Au simu iwekwe chumba cha pili karibu na dirisha ikiwa inagawa mtandao; ukuta mmoja wa tofali mawimbi yanapita, kuta mbili kasi inaanguka. Isiwe juani wala chini ya mto, kwa sababu kugawa mtandao huku inachajiwa kunaipasha moto na betri inaweza kuvimba.

Kwa wanaopaswa kupatikana kikazi au kwa miamala: laini ya kazi iwe kwenye kiswaswadu. Kinapiga na kupokea, basi. Namba yake wapewe watu wachache. Simu kubwa iwe kwenye hali ya kutosumbuliwa, iruhusu namba teule tu.

#17 KusiNaKaskazi
@Kijana_Skoya utafiti huo umerudiwa na wengine, na si wote waliopata matokeo yale. Usiupe uzito wa sheria. Kuitoa simu chumbani ni vizuri, lakini sababu ya kutosha ni kwamba mkono hauifikii.

#18 Kijana_Skoya
Mkono kutoifikia ndiyo hoja yenyewe. Na ndiyo maana nasema simu kwanza: kuihamisha ni bure, dari ni mbao tano za jipsamu.

#19 Naliendele_Darasani
Nyote mnaeleza usumbufu unaotoka nje. Mtu aliyekaa mezani hajui anaanza na nini atautafuta usumbufu mwenyewe. Atafuta vumbi, atapanga kalamu, atachungulia dirisha la kusini.

Usiku kabla ya kufunga, andika kwenye kipande cha karatasi tendo moja la kesho, lianze na kitenzi, liwe na jina la faili. "Ripoti" haifai. "Jumlisha safu ya malipo ya Novemba, linganisha na stakabadhi" inafaa. Faili hilo liache wazi, programu nyingine zifungwe. Karatasi ya pili ikae kulia kwa ajili ya mawazo yanayojitokeza: kumpigia fulani, kununua mafuta ya taa. Unaandika neno moja, unaendelea. Likishaandikwa akili inaacha kulishikilia.

Muda: mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, ya miaka ya mwishoni mwa 1980, ni dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Inafaa kusahihisha mitihani au kujibu barua pepe. Kwa kulinganisha hesabu au kuandika sura ndefu dakika 25 zinakukatisha ndipo umeshika uzi. Tumia 50 kwa 10. Kengele iwe ya saa ya mezani, si ya simu.

#20 Mkaa_Chuno
Shukrani wakuu. @Naliendele_Darasani hoja imeingia, lakini mtu anayejua vizuri kabisa anaanza na nini bado anafukuzwa na bati saa 8. Bado nasimama na joto.

Umeme ukikatika je? Feni ikizimika hayo mengine yote yanakwisha.

#21 Volti12
Lindi, Mitwero. Hesabu kwanza, kununua baadaye. Laptopu ikifanya kazi za kawaida inakula wati 35 hivi, feni ya volti 12 wati 20, ruta wati 10, taa ya LED wati 9. Jumla 74. Kwa saa 5 ni wati-saa 370.

Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini usishuke chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Inatosha. Lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 50, ina 640 na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi. Inatosha pia, ni nyepesi, na inadumu zaidi. Paneli ya wati 200 siku ya jua zuri inairudishia mzigo huo na ziada.

Makosa ninayoyakuta kwa wateja ni yale yale. La kwanza, kupitisha kila kitu kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Feni, ruta na taa ziende moja kwa moja kwenye volti 12 (soma nyuma ya ruta, nyingine ni volti 9, hizo zinahitaji kipunguzi). Inveta iwe ya laptopu tu. La pili, inveta ya bei poa isiyotoa wimbi safi. Ukiiunganisha na feni ya umeme wa kawaida, feni inaunguruma, injini yake inachemka, na ule muungurumo ni usumbufu mpya ulioununua mwenyewe. La tatu, fyuzi. Inveta ya wati 300 inavuta karibu ampea 30 kutoka kwenye betri. Weka fyuzi ya ampea 40 ndani ya sentimita 20 kutoka ncha chanya, waya wa milimita 10 za mraba usiozidi mita moja. Bila fyuzi, waya ukichubuka ni moto.

Betri ya risasi isikae chini ya meza kwenye chumba kilichozibwa kama cha @Sauti_Mtanda. Ikichajiwa inatoa haidrojeni. Iweke nje ya chumba, kivulini, penye hewa.

#22 Likonde
@Mkaa_Chuno hama Chuno uje Shangani, upepo wa bahari unavuma bure usiku na mchana!

#23 Volti12
Na chumvi nayo bure. Karibu na bahari ncha za betri zinaota unga wa kijani, paka grisi. Skrubu za meza ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Laptopu ikilala, ifunikwe kitambaa. Kabati la vitabu lisogezwe sentimita 5 kutoka ukutani, unyevu usikae nyuma yake, maana ukungu unaanzia huko.

#24 BintiNdoro
Taa ya usiku je? Nasikia Kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga) ndizo za kazi.

#25 Randa_Masasi
Kwa macho ndiyo, na iwe taa ya mezani upande usio wa mkono unaoandika, pamoja na taa hafifu ya chumba. Taa moja kali kwenye giza inachosha macho.

#26 MamaShangani
Mvua za kwanza zikinyesha hiyo taa nyeupe itakusanya kumbikumbi wa mtaa mzima juu ya baobonye. Msimu huo weka ya njano, 2,700, inavuta wadudu wachache. Na wavu wa dirisha uwe mzima, kwa sababu kuanzia saa 12 jioni mbu wa kwenye vifundo vya miguu anamwinua mtu kuliko hizo bodaboda zenu.

#27 Likonde
Naomba kurudi #4. Popo tayari wako darini, dari la zamani. Nikiziba matundu sasa si nawafungia ndani?

#28 FundiDari_Mikindani
Ndiyo, na wakifia humo hutakaa chumbani. Jioni simama nje uone wanatokea wapi. Ziba matundu mengine yote, bakiza hilo moja. Juu yake ning'iniza wavu laini uliofungwa juu na pembeni, chini uwe wazi, ushuke sentimita 50 chini ya tundu. Wanatoka kwa kuteleza chini, wakirudi hawapati pa kuingilia. Uache siku kadhaa, kisha ziba. Usifanye kama kuna watoto ambao hawajaweza kuruka. Utawasikia wakilia mama zao wakitoka. Tundu la sentimita 1.2 popo wadogo wanapita, kwa hiyo wavu wa kudumu uwe wa milimita 6. Kinyesi kilowanishwe maji kabla ya kufagia, na uvae barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Misumari ya bati iangalie humo humo ukiwa juu, upande wa kusini kwanza, ndiko mvua ya upepo inakopiga kwako?

#29 Likonde
Mashariki. Nyumba imeelekea bandarini.

#30 FundiDari_Mikindani
Basi anza mashariki. Nenda na nta ya mshumaa, kila msumari uliolegea uweke alama, usigonge upya tundu lile lile. Toboa pembeni sentimita 3, weka msumari mpya wenye mpira, tundu la zamani liweke lami.